Choa, mapunye na mba: mwongozo kamili wa kutambua, kutibu na kuzuia kuvu za ngozi

Mwanangu alipata mapunye akiwa Gredi ya Pili, na kwa miezi miwili nilimpaka kichwani krimu ambayo kamwe haingeweza kumponya. Krimu yenyewe haikuwa mbovu. Ilikuwa dawa halali ya kuvu, na lau choa kingekuwa mkononi ingekimaliza. Lakini kuvu ya kichwani hujichimbia ndani ya unywele na katika shina lake chini ya ngozi, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki, na jambo hilo sikulijua mpaka afisa wa kliniki katika kituo cha afya cha mtaani kwetu, huku Eastlands, alipokikagua kile kichwa na kuandika vidonge. Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza sana, nami nimesadiki kwamba makosa matatu ndiyo yanayoyafanya maradhi haya yasumbue familia nyingi za Nairobi miaka nenda miaka rudi: kutumia dawa isiyofaa kwa mahali palipoathirika, kuacha dawa mapema, na kumtibu mtu mmoja ilhali vitu vinavyoambukiza vimebaki palepale nyumbani.

Kuvu hizi zinatoka wapi

Kuvu za ngozi, ambazo wengi huziita fangasi, tunaweza kuzigawa katika makundi matatu, na inafaa kuyatofautisha kwa sababu kila kundi lina tabia yake. Kundi la kwanza hula keratini, yaani ile protini ngumu inayounda tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Hizi ndizo zinazoleta choa mwilini, mapunye kichwani, michubuko katikati ya vidole vya miguu, upele wa kinenani na kucha zinazonenepa na kumeguka. Huambukizwa kati ya mtu na mtu, huambukizwa na paka, mbwa na ndama, na hupitia pia katika taulo, vitana, kofia na mashine za kinyozi, kwa kuwa spora zake, yaani mbegu zake ndogo mno, huweza kubaki hai kwa miezi mingi ndani ya nywele na magamba ya ngozi yaliyodondoka.

Kundi la pili ni jamii ya hamira inayoitwa Malassezia, ambayo huishi juu ya ngozi ya takriban kila mtu mzima ikila mafuta ya mwili bila kuleta madhara. Joto na jasho vinapozidi, huongezeka na kusababisha mba ya mwili, yale mabaka meupe au ya kahawia yanayotanda kifuani, mgongoni na shingoni. Mba hii haiambukizwi wala haitokani na uchafu, na inaniuma kila ninapomwona kijana amevaa mikono mirefu katika jua la Februari kwa sababu ya aibu asiyostahili kuibeba. Kundi la tatu ni kandida, ambayo hupenda mikunjo yenye unyevu: chini ya matiti, kwapani, chini ya kitambi, na matakoni mwa mtoto aliyekaa muda mrefu na nepi iliyolowa.

Makundi yote matatu yana mahitaji yanayofanana, nayo ni joto na unyevu.

Hatua ya kwanza: itazame ngozi penye mwanga wa mchana

Picha nyingi za choa zilizomo katika vitabu zimepigwa kwenye ngozi nyeupe, nazo humfanya mtu atafute duara jekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utakachokiona ni ukingo wa rangi ya kahawia iliyokolea, ya kijivu au ya zambarau. Kwa hiyo usitegemee rangi peke yake. Sogea dirishani au utoke uani, kisha pitisha kidole juu ya pale penye mwasho. Choa huanza kikiwa kidogo na kupanuka kuelekea nje, ukingo wake huwa umeinuka na una magamba, na katikati huanza kupoa na kufanana na ngozi ya kawaida. Ukingo huo unaokwaruza kidole ni ushahidi bora kuliko rangi.

Mapunye yana sura nyingi, na hapo ndipo wazazi wengi tunapokosea. Wakati mwingine huwa ni viraka vya mviringo ambapo nywele zimekatika, zikabaki nukta nyeusi zilizo sawa na ngozi. Wakati mwingine ni magamba makavu tu yanayofanana na mba ya kawaida. Mtoto ambaye hajabalehe akiwa na magamba kichwani yasiyoisha, hasa kama tezi za nyuma ya shingo zimevimba, anafaa kushukiwa kuwa na mapunye mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kuna pia aina inayovimba na kuwa laini kama jipu, ikitoa usaha na kumuuma mtoto. Uvimbe huo usitumbuliwe wala kupasuliwa, kwa maana ni mwili unaopambana na kuvu, na ukicheleweshewa matibabu unaweza kuacha kovu lisiloota nywele maishani.

Miguuni, chunguza kwanza nafasi kati ya kidole cha mwisho na kile kinachokifuata, kwa sababu ndiyo finyu kuliko zote na hukauka mwisho. Ngozi yake huwa nyeupe, laini kama iliyorowekwa, yenye nyufa na harufu. Aina nyingine hutanda wayo wote kwa ukavu kama unga, na wengi huudhania kuwa ukavu wa kawaida wa miguu. Kinenani, choa huchora nusu duara juu ya paja na kwa kawaida huiacha korodani bila kuigusa, ilhali kandida huishambulia korodani pia na hutawanya vipele vidogo nje ya mpaka wa kidonda. Mba ya mwili nayo hutambulika kwa kuikwaruza taratibu kwa ukucha, kwani hutoa unga laini.

Hatua ya pili: hakikisha kwamba ni kuvu

Si kila duara ni choa. Ukurutu wa mviringo, soriasisi (ugonjwa wa ngozi wenye magamba usiotokana na kuvu), na hata kaswende katika hatua yake ya pili huweza kuvaa sura inayofanana nacho. Baka lililopauka ambalo halina hisia, ukiligusa kwa ncha ya pamba mtu hasikii au anasikia kwa mbali, linaweza kuwa ukoma, nao hutibika kabisa ukigunduliwa mapema. Baka la namna hiyo lipelekwe hospitalini bila kupakwa chochote.

Kipimo kipo, tena ni rahisi. Mhudumu hukwangua magamba kwenye ukingo wa kidonda, huyatia matone ya potasiamu hidroksaidi ili kuyeyusha seli za ngozi, kisha hutazama kwa hadubini kama nyuzi za kuvu zipo. Majibu huweza kupatikana siku hiyohiyo. Kuotesha kuvu maabara ili kujua aina yake huchukua wiki kadhaa, na kwa choa cha kawaida hakuna haja. Jambo la kukumbuka ni kwamba dawa ya kuvu uliyokwisha kupaka huweza kuficha nyuzi hizo, kwa hiyo mweleze mhudumu ulichotumia na siku ulipoacha. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika daktari wa ngozi, utaandikiwa rufaa ya kwenda hospitali kubwa, na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ni mojawapo ya zile zenye kliniki ya ngozi.

Hatua ya tatu: soma maandishi ya pakiti kabla ya kulipa

Ukifika kwenye duka la dawa na kusema tu kwamba unawashwa, kuna uwezekano mkubwa wa kuuziwa krimu ya mseto, yaani bomba moja lililochanganywa dawa ya kuvu, dawa ya bakteria na steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, kama betamethazoni au klobetasoli. Krimu hiyo hupendwa kwa sababu mwasho hutulia baada ya siku mbili au tatu. Hutulia kwa kuwa steroidi imeuzima mwitikio wa kinga ya ngozi, na kinga hiyo ndiyo iliyokuwa ikipambana na kuvu. Kuvu huendelea kuenea chini kwa chini bila ukingo wake wa kawaida, kiasi kwamba hata daktari huweza kuikosa. Ukiiacha krimu, mwasho hurudi kwa nguvu zaidi. Ukiirudia, hutulia tena. Na mtu huweza kuzunguka humo kwa mwaka mzima huku ngozi ya kinena au ya uso ikizidi kuwa nyembamba na kuchanika michirizi isiyofutika. Steroidi hizohizo zimo katika krimu nyingi za kujichubua zinazouzwa mitaani, kwa hiyo anayejichubua huku anatibu choa anajikwamisha mwenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kuziogopa. Aina mpya ya kuvu iliyoenea kutoka India na kupewa jina la Trichophyton indotineae mwaka 2020 mara nyingi haisikii terbinafini, dawa ambayo tumeitegemea kwa miaka mingi, na wataalamu wengi wanahusisha kuenea kwake na matumizi holela ya krimu za mseto.

Kanuni ninayoitumia mwenyewe ni ya kutazama herufi. Majina mengi ya dawa za kuvu kwenye pakiti huishia kwa herufi a-z-o-l-e, mathalani klotrimazoli, mikonazoli na ketokonazoli. Terbinafini haifuati mkondo huo, lakini nayo ni dawa ya kuvu. Nikiona jina la pili linaloishia kwa herufi s-o-n-e, au jina la klobetasoli, ninalirudisha bomba na kuomba lenye dawa ya kuvu peke yake. Mara nyingi hilo ndilo la bei nafuu zaidi. Nunua mahali ambapo leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu imebandikwa ukutani na ambapo kuna mfamasia wa kumuuliza maswali.

Dawa za kienyeji zinahitaji neno moja la wazi. Kitunguu saumu kilichosagwa na kufungwa juu ya ngozi huunguza, asidi ya betri na petroli huunguza zaidi, na ngozi iliyoungua ni mlango wa bakteria.

Hatua ya nne: paka ipasavyo, na kwa muda wa kutosha

Osha mahali palipoathirika kwa maji na sabuni ya kawaida, kisha ukaushe kabisa. Krimu iliyopakwa juu ya ngozi yenye maji hutoka pamoja nayo. Paka tabaka jembamba, ukivuka ukingo unaoonekana kwa takriban sentimita mbili kila upande, kwa sababu kuvu huwa imekwisha kutangulia pale ambapo jicho halijaona. Klotrimazoli hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne, nayo terbinafini ya kupaka huhitaji wiki moja hadi mbili kwa choa cha kawaida. Ukiona ngozi imekuwa nzuri siku ya saba, usiache. Kwa klotrimazoli na jamaa zake, endelea kwa wiki moja au mbili baada ya dalili kuisha. Nawa mikono kila unapomaliza, na kama una choa miguuni na kinenani, tibu mahali pote pawili kwa wakati mmoja, la sivyo miguu itaendelea kukiambukiza kinena.

Hapa wenye ngozi nyeusi tuna mtego wetu. Kuvu ikishakufa, huacha alama nyeusi inayoweza kudumu kwa miezi, na alama hiyo humfanya mtu aendelee kupaka dawa au, vibaya zaidi, anunue krimu ya kuiondoa. Pima uponaji kwa kidole: kama magamba yameisha, ukingo umelala na mwasho hakuna, basi umepona, na rangi itajirudia yenyewe polepole.

Mba ya mwili hutibiwa tofauti kidogo, kwa kuwa hutanda eneo pana. Shampuu ya ketokonazoli au ya seleniamu salfaidi hupakwa kifuani, mgongoni na mabegani, huachwa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi dakika tano hadi kumi, kisha huoshwa. Hurudiwa kila siku kwa siku chache hadi wiki moja. Unga ukiisha, kuvu imekwisha, hata kama mabaka meupe yatachukua miezi kurejea rangi ya mwili.

Hatua ya tano: kichwa cha mtoto

Mapunye yanahitaji vidonge au dawa ya maji ya kunywa iliyoandikwa na mhudumu wa afya kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Griseofulvini hutumiwa kwa wiki sita hadi nane, wakati mwingine zaidi, na humezwa pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uinyonye vizuri. Maziwa yasiyoondolewa mafuta, parachichi au mayai yanatosha. Terbinafini mara nyingi huchukua wiki nne, na uchaguzi kati ya hizo mbili hutegemea aina ya kuvu. Shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki haiponyi mapunye, lakini hupunguza spora zinazomwagika na kwa hiyo huwalinda ndugu zake. Ndugu hao wakaguliwe wote, kwani mtoto huweza kubeba kuvu kichwani bila dalili yoyote.

Kunyoa kichwa si tiba. Mtoto akishaanza dawa anaweza kuendelea kwenda shule, na ningependa walimu walijue hilo, kwa sababu mtoto aliyerudishwa nyumbani mbele ya wenzake huumizwa na aibu kuliko kuvu yenyewe. Kinachotakiwa ni asibadilishane kofia, kitana, mtandio au mto wa kulalia, jambo gumu zaidi katika mabweni ambako vitanda vimebanana.

Hatua ya sita: nguo, maji na kinyozi

Ushauri wa kawaida ni kufua nguo zote kwa maji ya moto ya angalau nyuzi 60 za selsiasi. Wengi wetu hufua kwa mikono, maji huja kwa zamu, na mtungi wa lita 20 hununuliwa. Basi maji ya moto yatengewe vitu vinne: taulo, soksi, chupi na foronya. Nairobi iko juu kiasi kwamba maji huchemka kwenye takriban nyuzi 94, na hizo zinatosha kabisa. Mwagia nguo hizo katika beseni, ziloweke mpaka maji yapoe kiasi cha kushikika, kisha ufue. Nguo nyingine zifuliwe kama kawaida, zianikwe juani na zipigwe pasi, hasa kwenye mishono. Wanaoishi katika maghorofa yaliyobanana kama ya Pipeline, ambako jua haliingii kwenye baraza, wapande na nguo zao juu ya paa panaporuhusiwa, kwa kuwa nguo iliyokaukia kwenye giza hubaki na unyevu ndani. Mitumba pia ifuliwe kabla ya kuvaliwa, na viatu vya mitumba vikaushwe juani siku kadhaa. Kila mtu nyumbani awe na taulo yake. Hili ndilo gharama ndogo yenye manufaa makubwa kuliko yote.

Kwa kinyozi, usitosheke na kile kisanduku chenye mwanga wa buluu. Mwanga huo hufika tu pale unapoangaza, na nywele zilizonasa kati ya meno ya mashine hubaki kivulini pamoja na spora zake. Mwombe kwa heshima aisugue mashine kwa brashi mpaka nywele zote zitoke, kisha aifute kwa spiriti mbele yako. Anayeweza kununua mashine yake ya kwenda nayo afanye hivyo. Vitana na vibanio viloweshwe kwa dakika kumi katika dawa ya klorini iliyochanganywa sehemu moja kwa tisa za maji, kisha visuuzwe vizuri.

Miguu ilindwe zaidi katika mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, wakati gambuti na viatu vya ngozi vya shule hukaa na maji siku nzima. Kausha kati ya vidole kwa kitambaa cha peke yake, badilisha soksi kila siku, zungusha jozi mbili za viatu ukiweza, na uvae ndara katika bafu la pamoja la ploti. Mwenye choa cha miguu avae soksi kabla ya chupi, ili chupi isikokote kuvu kutoka miguuni hadi kinenani.

Kucha, na mambo ya kutosubiri

Kucha zilizonenepa zisitibiwe kwa kukisia, kwa kuwa karibu nusu ya kucha zilizoharibika hazina kuvu hata kidogo. Kuvu ikithibitishwa, terbinafini ya kumeza hutumiwa takriban wiki sita kwa kucha za mikono na wiki kumi na mbili kwa za miguu, na daktari huweza kupima ini kwanza. Ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kuota upya, kwa hiyo vumilia. Vidonge vya ketokonazoli vikataliwe. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilivizuia au kuviwekea mipaka mikali kwa sababu ya madhara ya ini. Mjamzito asimeze dawa yoyote ya kuvu bila kumwona daktari, na griseofulvini haimfai kabisa.

Nenda hospitalini haraka ikiwa mguu umevimba, una joto na unauma, kwani nyufa za kati ya vidole huingiza bakteria hadi ndani ya nyama. Ikiwa kuna homa au usaha. Au ikiwa upele umeenea eneo kubwa. Mwenye kisukari asisubiri hata wiki. Kandida au choa kinachorudi kila mara kwa mtu mzima ni sababu ya kupima sukari na virusi vya Ukimwi, na vipimo hivyo vyote viwili hupatikana katika vituo vya afya vya umma.

Mba ya mwili ndiyo inayorudi zaidi, hata ikitibiwa vizuri, kwa sababu ile hamira haitoki mwilini. Aliyewahi kuugua apake tena shampuu ya dawa mara moja kwa mwezi, akianza Desemba kabla ya joto la Januari hadi Machi, na apunguze kujipaka mafuta mazito mgongoni na kifuani katika miezi hiyo.